Theluji penye upepo: upime kwa ubao, kwa ndoo au kwa mizani?

Simu ya mpwa wangu ilinikuta Shela, kisiwani Lamu, Kusi imekaza, mchanga wa vilimani unaruka hadi barazani. Yeye yuko Finnmark, pembe ya kaskazini kabisa ya Norwe, anasomea mambo ya maji. Baada ya salamu na kuulizia hali ya nyanyake, akafika kwenye haja yake: "Mjomba, tumeambiwa kila mtu achague chombo cha kupimia theluji, kisha akitetee mbele ya walimu. Kituo kiko uwanda wa juu, hakuna mti hata mmoja, na mtu hufika huko mara moja kwa wiki mbili. Wewe umepima mvua miaka yote hiyo. Ungechukua kipi?"

Theluji sijaikanyaga. Barafu niijuayo ni ile ya kuwekea samaki. Lakini upepo naujua, na swali lake ukilitazama sana ni swali la upepo kuliko la baridi. Tulizungumza kwa siku kadhaa, yeye na orodha ya bei mkononi, mimi na daftari langu la mvua. Nimeandika tuliyolinganisha kwa ajili ya vijana wetu wanaokwenda kusoma na kufanya kazi nchi za baridi, na pia kwa ajili yetu sisi tulio huku. Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na vilima hivyo havilishwi na mto wala chemchemi. Ni mvua tu. Anayekosea kuipima mvua hiyo anakosea kujua akiba ya mji.

Mwizi ni upepo

Kipimamvua changu cha kwanza nilikiweka juu ya paa, mahali peupe, nikijisifu kwamba hakuna ukuta wala mnazi wa kukikinga. Rafiki yangu alikuwa na kama hicho uani kwake, chini. Kila saa tatu asubuhi tukisoma, chake kilikuwa na maji zaidi. Mwezi mzima nilimshuku kwamba anaongeza kikombe usiku ili anicheke. Hakuwa ameongeza kitu.

Kumbe kisa hicho ni cha zamani. William Heberden, daktari wa London, aliandika mwaka 1769 kwamba aliweka vyombo vitatu: kimoja chini, kimoja juu ya paa la nyumba, kimoja juu ya kanisa la Westminster Abbey. Kwa mwaka mmoja, kile cha kanisani kilipata karibu nusu tu ya kile cha chini. Watu wakasema basi, matone hukua yakishuka. Ilichukua hadi 1861 ndipo William Stanley Jevons, ambaye wengi wanamjua kwa uchumi, akaeleza vizuri: upepo ukigonga chombo hulazimika kukizunguka na kukipanda, na ukipita juu ya mdomo wake hukaza mwendo. Tone lililokuwa likielekea ndani hubebwa likapitilizwa upande wa pili. Na kadiri unavyokwenda juu ndivyo upepo unavyozidi.

Sasa fikiria tone na chembe ya theluji. Tone la mvua la upana wa milimita 2 hushuka kwa mita kama 6.5 kwa sekunde. Chembe ya theluji hushuka kwa mita moja hivi. Ni jiwe na unyoya. Mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani unataja hasara ya upepo kwa mvua kuwa asilimia 2 hadi 10, na kwa theluji asilimia 10 hadi 50. Penye upepo mkali wa uwanda mtupu, hasara ya theluji huweza kufika 80. Yaani chombo kinakuletea kibaba kimoja, na mwenzake vinne vimekwisha kwenda na upepo.

Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu aikunje orodha ya bei kwanza. Kabla ya kuuliza "chombo gani" tuulize mambo mawili: anataka kujua kimo cha theluji au maji yaliyomo? Na chombo kitakingwaje?

Kimo au maji?

Mtu wa barabara anataka kimo, ajue kama gari litapita. Mtu wa maji anataka uzito, ajue mito itapokea nini theluji ikiyeyuka. Hivi viwili haviendi pamoja kama tunavyodhani. Kanuni ya mdomoni inasema sentimita 10 za theluji ni sentimita 1 ya maji, lakini theluji nzito ya joto karibu na sifuri huweza kuwa 3 au 4 kwa 1, na ile kavu ya baridi kali ikapita 30 kwa 1. Wauza nafaka wa zamani walikuwa na kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Theluji ni kibaba ambacho hujui ndani yake mna mchele au mna pumba.

Kwa kimo, chombo bora bado ni ubao. Ndiyo, ubao wa kawaida wa plaiwudi, uliopakwa rangi nyeupe ili usishike joto la jua, wa sentimita 40 kwa 40 hivi. Unaulaza chini, theluji inaanguka juu yake, unachomeka rula, unaandika, unaufuta, unaurudisha juu ya theluji mpya. Bei yake ni ya fundi seremala yeyote wa Langoni. Sheria yake ni moja na watu huivunja: usiufute kila saa ukijumlisha. Theluji hujishindilia yenyewe, kwa hiyo anayefuta mara nyingi hupata jumla kubwa kuliko anayefuta mara chache, na theluji ni ile ile. Huko Marekani wapimaji huruhusiwa kufuta si zaidi ya mara moja kila saa 6.

Udhaifu wake ni upepo, tena, na ni mtu. Januari 2016 dhoruba kubwa ilipopiga Washington, wapimaji wa uwanja wa ndege mmoja waliupoteza ubao wao ndani ya theluji. Wakabaki wakichomeka rula hapa na pale, na namba waliyotoa ikazua ugomvi hadi ikaundwa timu ya kuichunguza. Hao walikuwa mjini, na taa, na watu wa zamu. Kituo cha mpwa wangu hakina mtu kwa wiki mbili. Ubao ukaanguka hapo hapo kwenye orodha yetu, ila kama shahidi: kila akifika kituoni apime, alinganishe.

Shahidi mwingine ni bomba la theluji. Huyu alinifurahisha kwa sababu aliyelifanya lijulikane hakuwa mhandisi, alikuwa mwalimu wa Kilatini. James Church, wa chuo kikuu cha Nevada, mwanzoni mwa miaka ya 1900 alikuwa akipanda Mount Rose wakati wa baridi, akatengeneza bomba la kuchoma katika theluji hadi ardhini, kulichomoa likiwa limejaa na kulipima kwenye mizani. Uzito hukupa maji moja kwa moja, hakuna kubahatisha 10 kwa 1. Lakini bomba hupima theluji iliyolala, pamoja na ile iliyohamishwa na upepo kutoka kwa jirani. Anayetaka kujua mbingu imeshusha nini leo hapati jibu hapo.

Ndoo tatu

Hapa ndipo orodha ya bei ilipofunguka. Vyombo vyenye mdomo ni vya namna tatu.

Cha kwanza ni ndoo ya mkono. Warusi wana ile ya Tretyakov, yenye mdomo wa sentimita za mraba 200 na mabati yaliyoizunguka kama petali. Nchi nyingi za Ulaya hutumia ya Hellmann. Mpimaji huja, hubadilisha ndoo, huipeleka ndani iyeyuke, humimina kwenye kioo cha kupimia. Haina waya wala betri. Lakini kila unapomimina, maji kidogo hubaki yameng'ang'ania ukutani, kama sehemu ya kumi ya milimita au zaidi. Kwetu, ambako mvua ya Mei humwaga milimita kumi kabla ya adhuhuri, sehemu ya kumi ni kitu gani? Huko kaskazini kuna siku nyingi ambazo jumla yote ya siku ni hiyo hiyo sehemu ya kumi. Ukipoteza kidogo kila siku umepoteza msimu. Na inahitaji mtu. Tukaiacha.

Cha pili ndicho mpwa wangu alichokitaka, na nilijua kwa nini: ni rahisi kuliko mizani, na alikwisha kukiona nyumbani. Ni kile chenye vijiko viwili vilivyokaa kama pembea. Maji yakijaa kijiko kimoja, kwa kawaida milimita 0.1 au 0.2, kinapinduka, kinahesabiwa, cha pili kinashika zamu. Kwa mvua ni chombo kizuri. Kwa theluji hufungwa hita ndani ya faneli iyeyushe kila kinachoanguka.

Nilimuuliza, "Hiyo hita itakula umeme wa wapi?"

"Wa jua, mjomba."

"Jua gani?"

Akacheka mwenyewe. Finnmark tangu mwishoni mwa Novemba hadi Januari jua halichomozi kabisa. Na hita si ya wati mbili tatu. Hata ukiwa na umeme wa gridi, matatizo hayajaisha. Theluji ikigusa bati la moto, sehemu yake hupotea kuwa mvuke kabla ya kufika kijikoni. Joto linalopanda kutoka mdomoni hulirusha nje chembe jepesi, kama moshi wa jiko unavyoinua majivu. Kuyeyuka huchukua muda, kwa hiyo theluji ya saa mbili usiku unaandikiwa saa nne. Na maji yakishatoka kwenye vijiko huweza kuganda njiani yakaziba tundu. Mwenye chombo hiki pwani kwetu anakaa raha. Kwenye uwanda wa baridi na upepo, mimi nisingekipokea hata cha bure, maana kitaandika namba kila siku na namba hizo zitaonekana nzuri.

Cha tatu ni mizani. Ndoo kubwa imekaa juu ya kitu kinachopima uzito, kila kinachoingia kinaongeza uzito, basi. Haijali kama kilichoingia ni mvua, theluji au mvua ya mawe, wala haihitaji kukiyeyusha ili kukipima. Geonor T-200B ya huko huko Norwe huning'iniza ndoo kwa nyaya zinazotetemeka: uzito ukizidi, waya hukaza na mlio wake hubadilika, kama uzi wa udi unavyopanda sauti ukikazwa. Inaweza kufungwa nyaya tatu, moja ikikatika mbili zinaendelea. Nyingine inayotajwa sana ni Pluvio ya OTT. Ndani ya ndoo hutiwa kulanti, ile jamaa ya maji ya rejeta, ili theluji iyeyuke isigandane ikaivunja ndoo, na juu yake mafuta kidogo ya kuzuia mvuke.

Mizani ina aibu zake pia. Upepo huitikisa ndoo na mizani ikaandika milimita ambazo hazipo, kwa hiyo namba ghafi lazima zichujwe. Theluji ya majimaji hushika kwenye ukingo wa mdomo, ikajenga kofia, ikaufunga. Chombo kinasema hakuna kitu, halafu mchana kofia inaanguka na chombo kinasema dhoruba. Wengine hutia hita ndogo kwenye ukingo tu, iwake kwa masharti, na hiyo ni tofauti sana na kuchemsha faneli nzima. Kulanti lazima ibadilishwe, na ile chafu ni sumu, haimwagwi uwandani. Ndoo ikijaa hakuna wa kuimwaga, kwa hiyo nunua yenye ujazo wa kumaliza msimu.

Pamoja na yote hayo, kwa kituo kisicho na mtu wala jua, mizani haina mpinzani kati ya vyenye mdomo. Mpwa wangu akadhani tumemaliza.

Uzio ndio chombo

Tulikuwa hatujaanza. Ndoo ya mizani ya bei ya juu, ikisimama peke yake uwandani, itashindwa na ndoo ya bei ya chini iliyokingwa vizuri. Tofauti ya ndoo na ndoo ni ya asilimia chache. Tofauti ya kukingwa na kutokingwa ni ya nusu na robo. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu, ningenunua uzio kwanza.

Fundi yeyote anayezungushia ua wa makuti anaijua siri yake. Ukuta mzima hauui upepo. Huurusha juu, ukaangukia ndani ukizunguka. Ua wenye matundu huuchosha upepo, ukapita umelegea. Wapima theluji walifika huko huko kwa hatua.

Mwaka 1878 Francis Nipher wa Marekani alikivisha kipimamvua kola ya bati iliyopanuka kama mdomo wa tarumbeta, iuelekeze upepo chini badala ya juu ya mdomo. Kwa kukinga upepo inafanya kazi vizuri, na Wakanada waliitegemea miaka mingi. Lakini kola ni bati zima, theluji hukaa juu yake, kisha ikasukumwa ndani. Palipo na mpimaji wa kuifuta kila siku, sawa. Kwa kituo kisicho na mtu, hapana.

Mwaka 1937 J. Cecil Alter akaja na pete yenye mabati membamba yanayoning'inia yakicheza na upepo, yasiyoshika theluji. Ndio uzio unaoonekana zaidi duniani kwenye mizani za leo: mwepesi, unabebwa mgongoni, unafungwa kwa saa chache. Kuna waongezao pete ya pili nje ya ile ya kwanza, na nafuu inaonekana.

Halafu kuna jitu lenyewe: nyua mbili za mbao, kila moja yenye pembe nane, moja ndani ya nyingine. Wa nje una upana wa mita 12 na kimo cha mita 3.5, wa ndani upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, mbao zimepangwa nusu mbao, nusu nafasi, chombo kimesimama katikati, mdomo wake mita 3 kutoka ardhini. Huu ndio uliochaguliwa mwaka 1985 kuwa kipimo cha kupimia vipimo vingine, na ulinganisho wa kimataifa ukafanywa kwa huo tangu 1986 hadi 1993. Vyombo vya kujiendesha vilipozidi, ukafanywa mwingine, majira ya baridi ya 2013 hadi 2015, kwenye vituo kama Sodankylä huko Ufini, Caribou Creek Kanada, Marshall karibu na Boulder Marekani, na Haukeliseter katika milima ya Norwe. Haukeliseter ndio mpwa wangu aliousoma usiku kucha, maana unafanana na kwake: mahali pa wazi, upepo mtupu. Huko, upepo ukivuma kwa nguvu, mizani yenye uzio mmoja wa Alter ilishika kiasi cha moja ya tano ya kile kilichoshikwa na mizani kama hiyo ndani ya nyua mbili. Chombo ni kile kile, theluji ni ile ile, na wamesimama jirani.

Hata jitu hili si mwisho. Warusi, kwenye kituo chao cha utafiti cha Valdai, wana chombo kilichowekwa katikati ya vichaka, na vichaka hivyo hukatwa visipite kimo cha mdomo wa chombo. Hakuna mbao wala msumari. Kwenye upepo mkali vichaka vya Valdai hushika zaidi kidogo kuliko nyua mbili. Hilo nililishika moyoni, nitalirudia.

Basi kwa nini kila mtu asijenge nyua mbili? Hesabu mbao za duara la mita 12, kisha uzibebe kwa pikipiki ya theluji hadi uwandani, kisha uzifunge kabla udongo haujaganda. Marekani, kwenye mtandao wao maalumu wa vituo vya tabianchi, waliupunguza hadi karibu theluthi mbili ya ukubwa, na bado unakinga vizuri. Mpwa wangu aliuliza bei ya huo mdogo. Ilikuwa zaidi ya bei ya mizani.

Visivyo na mdomo, kwa haraka

Muuzaji atakuonyesha vingine. Kuna jicho la sauti, linalotazama chini kutoka mlingotini na kupima kimo kwa mwangwi. Mwaka 2000 watafiti waliweka kituo chenye jicho la namna hii juu ya barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa hiyo si jambo la wazungu wa mbali tu. Ni zuri na halili umeme mwingi. Lakini sauti huenda polepole kwenye baridi: kama mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi sifuri, na 313 hivi kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Usiposahihisha joto, kwa umbali wa mita 2 utakosea kwa sentimita 12. Na linapima kimo, si maji.

Kuna mto wa theluji. Mto wa kulalia, si wa Tana. Ni mfuko mpana uliojaa kulanti, theluji ikiulalia unasoma uzito. Magharibi ya Marekani wana mamia ya vituo vya namna hii. Theluji ikiganda juu ikawa kama daraja, mto haubebi tena uzito wote, na uwandani penye upepo mfuko hupima kilichosombwa, si kilichoanguka.

Sahani ya moto ya upana wa sentimita 13, inayokadiria theluji kwa umeme unaotumika kuiyeyusha, haina mdomo wa kuzibwa, ila umeme, jua, tumerudi pale pale. Leza hutambua chembe moja moja na kukwambia kama ni mvua au theluji, jambo la thamani, lakini kukadiria maji kwa umbo la chembe ni kubahatisha kwingi. Rada na setilaiti huona eneo, na zenyewe husahihishwa kwa ndoo zilizo chini. Ndoo zikiibiwa na upepo, setilaiti nayo inafundishwa uongo.

Kipimaupepo kinachosahauliwa

Asiyeweza kujenga nyua mbili hupima kwa uzio mdogo kisha husahihisha. Ulinganisho wa 2013 hadi 2015 ulitoa kanuni za kazi hiyo: mpe upepo na joto, nayo hukwambia chombo chako kimeshika sehemu gani. Kama kimeandika milimita 4 na kanuni inasema kimeshika nusu, andika 8.

Kwa hiyo kipimaupepo na kipimajoto si vya kuongezea pesa zikibaki. Ni sehemu ya chombo. Na kipimaupepo kikae wapi? Mpwa wangu alikuwa na mlingoti wa mita 10 tayari. Upepo wa mita 10 una nguvu kuliko ule wa kimo cha mdomo; ukiutia kwenye kanuni ya kimo cha mdomo unazidisha kupita kiasi. Kanuni zipo za vimo vyote viwili, ila lazima ujue umeshika ipi.

Kisha kuna jambo ambalo kanuni haiwezi kulitatua. Upepo ukikaza hadi ndoo isishike kitu, umeandika sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa kumi bado ni sifuri. Hapo ndipo uzio unapolipa bei yake.

Nilimwongezea moja la uzoefu: usibadilishe uzio katikati ya miaka bila kuandika daftarini. Mpakani mwa Alaska na Kanada vyombo vya pande mbili si vya namna moja, na ukisoma namba zao bila kuzisahihisha unaweza kudhani mawingu yana pasipoti.

Alichochukua yeye, tulichochukua sisi

Mbele ya walimu wake alitetea hivi: mizani ya ujazo wa msimu mzima, pete mbili za Alter, kipimaupepo kwenye kimo cha mdomo, kipimajoto chenye kivuli, jicho la sauti kama shahidi wa kofia za theluji, na kila akifika kituoni, ubao na bomba. Akaongeza kwamba kama chuo kina mbao na mikono, ule uzio mdogo wa nyua mbili ujengwe, hata kama itabidi mizani iwe ya mtumba. Mwalimu mmoja akamuuliza habari ya kulungu wafugwao na Wasami, wenyeji wa huko, wanaopenda kujikuna kwenye milingoti. Hilo hatukuwa tumelifikiria.

Kama kituo chako kina mtu kila siku, hesabu hubadilika: Tretyakov au Hellmann na ubao vinatosha, na pesa iliyobaki ilipe mshahara. Kama uko mjini na umeme wa uhakika, penye miti ya kukinga, hata kile cha vijiko na hita kinavumilika kwa kujua tu kwamba imeanza kuanguka. Kwenye uwanda mtupu, hapana.

Na Shela? Kwa mvua, kipimo cha kupimia vipimo ni chombo kilichofukiwa, mdomo wake ukawa sawa na ardhi, na wavu kandokando wa kuzuia maji kuruka, upepo haukioni. Huko kaskazini hakifai kwa sababu theluji inayotambaa hukijaza. Juu ya vilima vyetu hakifai kwa sababu mchanga unaotambaa hukijaza. Nilipomwambia hivyo, mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe Finnmark ni Shela ya baridi."

Kilichobaki ni Valdai. Tulikataa kile cha umeme tulichoshauriwa kuagiza, tukachukua viwili vya shaba vya inchi 5, vya kawaida, vya kusomwa saa tatu asubuhi. Kimoja tumekiacha wazi mgongoni mwa kilima, ili tujue upepo unaiba kiasi gani. Cha pili kiko bondeni kati ya vilima viwili, ndani ya vichaka, tukavipunguza kwa mkasi hadi usawa wa mdomo wake. Masika ya kwanza, cha bondeni kiliongoza kila siku ya Kusi. Siku za maleleji, upepo ukilala, vikakaribiana.

Tatizo tulilo nalo sasa ni punda. Vichaka tunavyovipunguza kwa mkasi wao huvipunguza kwa meno, tena upande mmoja tu, ule wa kusini, unakotoka upepo.